Karatasi inayosomwa kwa sauti: mkunga anapowaandikia wazazi

Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, baina ya adhuhuri na alasiri, nilikaa kibarazani kwa mzazi wa siku tatu. Nilikuwa nimeshamtazama yeye na mtoto, nimepewa chai, nangoja chombo cha kurudi ng'ambo. Wifi yake akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Ilikuwa karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe. Akampa kijana wa darasa la sita aisome, na wanawake watano wakasikiliza huku wanamenya muhogo. Kijana alisoma vizuri mpaka akafika kwenye "mililita 500 ndani ya saa 24". Akakwama, akamtazama bibi yake. Bibi akamwambia, "Ruka hapo, endelea mbele."

Akaruka. Na mstari ule alioruka ndio ulionifanya nikae chini kuiandika karatasi yenyewe.

Haya ninayoyaeleza ni kwa wakunga wenzangu, wauguzi wa wodi za wazazi, wahudumu wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, na hata wewe unayegongewa mlango usiku kwenda kumsindikiza mtoto wa jirani leba. Sisi tunayajua mambo ambayo mama kijacho anatamani kuyauliza na anaona haya. Tukimwandikia vizuri, maneno yetu yanafika nyumbani kwake saa ambayo sisi hatupo.

Jambo la kwanza nililojifunza kibarazani pale: karatasi ya uzazi husomwa na mmoja ikasikilizwa na watano. Yupo mama kijacho, yupo mkwe wake, wifi, jirani, na mume akirudi pwani. Kwa hiyo iandike kwa ajili ya sikio. Kila sentensi isimame kwa miguu yake, maana msomaji ataikatiza mtoto akilia au chungu kikifurika. Usiandike "kama ilivyoelezwa hapo juu". Anayesikiliza hana juu wala chini, ana lile neno alilolisikia sasa hivi.

Kabla ya kuitoa, mtafute mtoto wa skuli ambaye hajawahi kuiona karatasi hiyo. Darasa la tano au la sita ndiyo kiasi. Mkalishe asome kwa sauti, wewe shika kalamu na usimsaidie hata kidogo. Pale alipokwama, tia alama. Pale aliporudia sentensi mara mbili, tia alama. Pale aliposhusha sauti kwa sababu ya haya, tia alama ya namna nyengine, na hiyo nitaieleza mbele. Halafu mgeukie mtu mzima aliyekuwa akisikiliza. Usimuulize "Umefahamu?" kwa sababu atakujibu amefahamu, ndiyo adabu. Muulize, "Bibi, ukimwona mkweo hivi, utafanya nini?" Akikujibu kwa vitendo, karatasi yako imefika. Akisema "Tutamwomba Mungu, tutakuiteni nyinyi wenyewe madaktari", dua ni njema na wewe bado una kazi.

Nitakuonesheni ule mstari wa Kojani ulivyokuwa:

"Upotevu wa damu unaozidi mililita 500 ndani ya saa 24 baada ya kujifungua ni dalili ya hatari. Mjulishe mtoa huduma mara moja."

Kwa darasani hauna kosa. Nusu lita ndicho kipimo tulichofundishwa sote. Lakini nyumbani hakuna anayepima damu kwa lita, na hata sisi leba tukikisia kwa macho mara nyingi tunakisia chini ya ilivyo. Na hilo "mtoa huduma" ni nani, saa nane za usiku, Kojani? Nilirudi mara mbili kukaa na bibi yule na wenzake, na mstari ukawa huu:

"Mzazi akirudi nyumbani, damu inatakiwa ipungue siku hadi siku. Ikizidi badala ya kupungua, hiyo siyo damu ya uzazi ya kawaida. Akilowesha pedi au vitambaa viwili vitatu ndani ya nusu saa, msingoje asubuhi. Mlazeni, mfunikeni apate joto, mtoeni sasa hivi. Akiwa na nguvu, mtoto anyonye njiani, kwani kunyonya kunasaidia kizazi kukaza. Mwenye simu apige kituoni aseme mnakuja."

Ni mrefu kuliko ule wa mwanzo na sikuona tabu kuurefusha. Tunasisitiziwa ufupi, mimi nasisitiza kufahamika. Yale maneno "msingoje asubuhi" si yangu, ni ya bibi mwenyewe. Aliniambia kwamba usiku watu wote hungoja asubuhi, na ukitaka wasingoje lazima uwakataze. Maneno ya namna hiyo huyapati ofisini.

Karatasi moja, jambo moja. Najua mabango yetu yana dalili za hatari kumi zimepangwa kama shanga, na kwa ukutani zinafaa. Zikisomwa kwa sauti, watu hubaki na ya kwanza na ya mwisho. Mimi nimezigawa: karatasi ya damu, karatasi ya kichwa na macho, ya chupa kuvunjika kabla ya uchungu, ya homa ya mzazi, ya mtoto kucheza tumboni. Kila mwezi natoa moja, inakunjwa ndani ya kadi, na maneno yale yale nayatuma kwa ujumbe wa simu.

Simu peke yake msiitegemee. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa Zanzibar: wajawazito 2,550 katika vituo vya afya 24, nusu ya vituo wanawake wakipata ujumbe mfupi wa kuwakumbusha na vocha ya kuwapigia wahudumu. Waliozalishwa na mtaalamu walikuwa asilimia 60 kwa waliopata ujumbe na asilimia 47 kwa wasiopata. Hapo utafurahi. Lakini faida ile ilionekana wazi kwa wanawake wa mjini, na wa shamba haikuwafikia vivyo hivyo. Mimi nafanya kazi shamba na nimezaliwa shamba, basi ninapoandika nalikumbuka jambo hilo. Simu mara nyingi iko mfukoni mwa mume, na mume yuko baharini.

Ndiyo maana "nendeni hospitali" mimi siihesabu kuwa ni maelekezo mpaka iseme wanakwendaje. Mwenye mimba wa kisiwa cha Fundo anahitaji chombo mpaka Wete. Wakati wa bamvua maji yakitoka, chombo kinakaa mbali na ufuo, na mwanamke mwenye uchungu atatembea kwenye matope au atabebwa. Sasa karatasi ya mimba ya miezi minane ninayowaandikia watu wa visiwani inauliza, na kuacha nafasi ya kujaza kwa kalamu: Chombo cha nani? Nambari yake ya simu? Akiwa hayupo, cha nani? Siku ulizotajiwa kujifungua, mwezi utakuwa mchanga au mpevu? Nani atabaki na watoto? Fedha ya nauli iko kwa nani? Hizo nafasi ndizo zinazojaza nyumba mazungumzo. Mume mmoja aliniambia kwamba hakuwahi kuulizwa chochote kuhusu uzazi wa mkewe isipokuwa fedha, na ile karatasi ilimkalisha na mwenye mashua wiki tatu kabla. Watu wa Micheweni au Konde wana maswali yao mengine, ya gari na ya njia. Andika kwa ajili ya mahali pako.

Sasa zile alama za haya.

Kijana akishusha sauti, au mwanamke akijifunika mdomo kwa ukaya wa mtandio, ujue umetumia neno ambalo nyumba ile haiwezi kulibeba mbele ya watu. Dawa yake si kuliondoa jambo. Wengi wetu tunakimbilia "sehemu za siri", tukidhani tumestiri. Mtu akisoma "damu sehemu za siri", ni ya mbele au ya nyuma? Ya mkojo au ya uzazi? Nimekubaliana na wanawake wangu tuseme "njia ya mtoto". Inafahamika, haimvunjii mtu heshima, na mtoto wa darasa la sita anaisoma bila kuinamisha kichwa.

Liko neno jengine nililoliogopa zaidi, kifafa cha mimba. Ni neno sahihi na sote tunalitumia wodini. Nyumbani lakini likitajwa "kifafa", wapo wanaoficha kwa kuona aibu ya ukoo, na wapo wanaokwenda kwa mganga kwanza kwa kuwa wanayemwona amekakamaa na macho yamepinduka wanasema amepandwa. Basi naanza na yanayotangulia, kabla jina halijatajwa: kichwa kinauma na hakipoi kwa panadoli, macho yanaona ukungu au nyota nyota, maumivu kwenye chembe cha moyo, uso na mikono imevimba ghafla. Nawaambia hiyo ni presha ya mimba na inapimwa kwa dakika chache. Mwisho ndipo naandika kwamba ikiachwa, mwili hukakamaa na kutetemeka, na huo ni ugonjwa wa hospitali, tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake. "Presha" ndilo neno la watu, nalitumia. "Shinikizo la damu" nimeliacha kwenye ripoti.

Bibi zetu wanataka sura yao wenyewe, nami nitakaa hapa kidogo. Ukiandika kana kwamba wao ndio maradhi, karatasi yako itaishia jikoni kuwashia moto, na kwa haki. Wao ndio wanaolala na mzazi siku arubaini, wanampikia uji wa pilipili manga, wanamkanda, wanamwogesha mtoto. Nilipoandika juu ya mkando sikuanza na "acheni". Nilikwenda kwa bibi mmoja mkandaji anayeheshimika shehiani, nikamwomba anioneshe. Akaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, kabla hakijamgusa mzazi. Tendo lile dogo nikaliandika kama nilivyoliona, kwamba mkandaji mzuri hujaribu maji kwenye mkono wake. Kisha nikaongeza kwamba aliyepasuliwa tumbo asikandwe wala asibonyezwe tumboni, kidonda cha ndani hakionekani kwa macho. Bibi yule aliisikiliza, akasema nimeandika haki. Leo yeye ndiye anayewaambia wengine, na mimi sijaongeza neno.

Vivyo hivyo dang'a. Badala ya kuandika kuwa kuyamwaga maziwa ya mwanzo ni ujinga, andika kuwa yale ya manjano mazito ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, ni machache kwa sababu na tumbo lake ni dogo, na awekwe kifuani ndani ya saa moja. Mtu akipewa sababu anaibeba mwenyewe.

Karatasi ya leba nimeiandika mara nne, kwa sababu hapo wanawake wengi wanaumia moyo. Anafika na uchungu wa kweli, anapimwa, anaambiwa njia, yaani mlango wa kizazi, bado haijafunguka, arudi au angoje, naye anaona amedharauliwa. Hakuna aliyemweleza. Mwelezeni kabla. Uchungu una sehemu ya mwanzo inayoweza kuchukua muda mrefu, na haina kipimo kimoja kwa wote. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu wenyewe kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, na tangu hapo kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa anayezaa mara ya kwanza, wala saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Mwanamke anayelijua hili anaingia wodini ameshika kamba. Na mwandikie msindikizaji wake pia, kwa jina hilo hilo la msindikizaji, kazi zake: amshike mgongo chini kabisa, penye mifupa, kwa kiganja. Ampe maji kidogo kidogo. Amkumbushe kukojoa. Asimwambie "kaza" mpaka mkunga aseme. Asiwapigie simu ukoo mzima. Ya kubeba siku hiyo wengi wanayajua: kadi, kanga, pamba au pedi, nguo za mtoto, beseni, chupa ya chai. Sipotezi karatasi hapo.

Nimefika kwenye lililoniuma.

Mwaka mmoja wa mchumo mkubwa wa karafuu niliandika kisa cha mzazi aliyejifungua mbali na kituo. Nilikiandika kwa nia safi, kuwaonya wenye mimba kubwa wasiende dago la mbali, kambini kwa wachumaji karafuu, mwezi wa mwisho. Sikutaja jina. Sikutaja shehia. Lakini niliandika kuwa alijifungulia juu ya majamvi ya karafuu, mvua inanyesha, na kuwa walikuwa pacha. Kisiwa kizima pacha wa majamvi walikuwa hao tu. Kabla ya Ijumaa kila mtu alikuwa anamjua, pamoja na mambo ya mwili wake niliyoyaeleza kwa ufundi wangu wote. Hakunigombeza. Aliacha kuja. Chanjo za watoto alikwenda kuzitafuta kituo cha mbali, kwa miguu, na watoto wawili. Nilipomfuata nyumbani kumwomba radhi alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Jina langu hukuliandika. Umeniandika mimi." Nimemwomba radhi na amenipa. Karatasi zilizokwishatoka sikuweza kuzirudisha.

Tokea hapo nina masharti yangu, na nawasihi muyachukue kama yalivyo. Ruhusa siombi wodini. Mwanamke aliyelala kitandani hawezi kumkatalia aliyempokelea mtoto wake. Naomba baada ya arubaini, nyumbani kwake, akiwa amesimama. Nikishaandika namsomea yeye wa kwanza, kabla ya mtu yeyote, na karatasi namwachia mkononi akitaka aichane. Nabadilisha msimu, idadi ya watoto, mtoto wa kike nikamfanya wa kiume, pwani ikawa bara. Saa, dalili na tulichokifanya sibadilishi, kwa kuwa hapo ndipo penye mafunzo. Nangoja mwaka upite. Na kisa ambacho katika shehia hutokea mara moja tu, kama pacha watatu au msiba wa mama, sikiandiki kabisa hata nikiruhusiwa. Naandika onyo lake bila kisa. Picha sipigi.

Na ukiandika kisa, mweke mzazi mbele. Visa vingi ninavyovisoma vya wakunga, mkunga ndiye anayeokoa na mama amelala tu analia. Mwanamke wa mimba ya kwanza akisikia hivyo anatoka na hofu na kuona kuwa uzazi ni jambo analofanyiwa. Mwandike alivyopumua, alivyosema "nipeni mkono", alivyochagua kulalia ubavu.

Kuna siku utataka kumwandikia aliyempoteza mtoto. Andika kidogo na andika polepole. Sisi ni watu wa imani na kusema ni qadari ya Mungu ni haki, ila usiliweke neno hilo mstari wa kwanza likamfunga mdomo. Kwanza mweleze ya mwili wake: maziwa yatakuja hata kama hakuna wa kuyanyonya, kifua kitauma, avae nguo inayokishikilia vizuri bila kukibana, asikikamue sana, damu itaendelea siku kadhaa, na aje kliniki kama mzazi mwengine yeyote, maana mzazi ni yeye. Wengi hawarudi kwa sababu wanaona kliniki ni ya wenye watoto mgongoni.

Dozi za dawa usiandike. Karatasi inakaa ndani ya kadi miaka, inahamia kwa mdogo mtu, na mtu anaweza kuifuata. Kila karatasi itie tarehe, mwezi na mwaka, kwa sababu mambo yetu hubadilika: tulikuwa tunasema mahudhurio manne ya kliniki, na tangu 2016 linalopendekezwa ni manane, la kwanza kabla wiki ya 12 haijamalizika. Mkuu wa kituo aisome kabla haijatoka. Wakati wa kuandika nao si wa kuutafuta sana. Mimi nikirudi zamu, kabla sijaoga, naandika mistari mitatu kwenye daftari: swali nililoulizwa leo, maneno yale yale aliyoyatumia muulizaji, na jibu langu lilivyokuwa. Likiulizwa mara ya tatu ndani ya mwezi, hiyo ni karatasi.

Ya sasa ninayoishughulikia ni ya mtoto kucheza tumboni. Nimeulizwa mara tano. Wanawake wakiona mtoto ametulia mwezi wa tisa huambiwa anapumzika, anajiandaa kutoka, nao wanangoja siku mbili. Nimeandika hivi, na bado sijaridhika na neno la tatu: "Mtoto anayejiandaa kutoka bado hucheza. Akipunguza kuliko ulivyomzoea, usimngojee mpaka kesho. Njoo tumsikilize moyo wake." Kijana wa Kojani ataisoma Ijumaa baada ya sala, na bibi yake ameshasema atakuwepo.